Patapata za Baba Mdogo

Mimi siingii duka la viatu. Watoto wangu wananicheka, maana viatu vyao vyote nimewanunulia nikiwa nimesimama nje kwenye jua, nikimwonyesha muuzaji kwa kidole kama mtu anayeagiza nyama buchani. Wanadhani ni maringo ya mama. Si maringo. Ni ile harufu ya mpira mpya, ya patapata zilizofungwa mbilimbili na kuning'inizwa mlangoni. Ikinifika puani najikuta tena nina miaka minane, nimekaa katikati ya kiti cha mbele cha Pijo, pikapu ya baba, na upande wangu wa kushoto kuna mtu nisiyemwona. Nilimtendea mtu huyo ubaya. Nimeishi nao muda mrefu, na sasa nimechoka kuubeba peke yangu.

Baba Mdogo Wesonga alikuwa kitinda mimba wa Kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Boma letu liko ng'ambo ya mto Nzoia ukitoka Mumias, nyuma ya mashamba ya miwa, na Baba Mdogo hakuwahi kuliingia kimya hata siku moja. Ungemsikia tangu kule kwenye miwa: "Kifaranga ako wapi? Mwewe amefika!" Kifaranga ni mimi. Nilikuwa natoka mbio nikipiga kelele, ananikamata, ananirusha juu mpaka naona paa la jirani. Hata siku alipougua malaria na kulala siku tatu, nilipochungulia mlangoni aliniita hivyohivyo kwa sauti ya kukwaruza, meno yakigongana. Jambo hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kazi zilipomkataa kwetu, alisikia kwamba kule Pwani, mbele ya Malindi, watu wanavuna chumvi kutoka baharini na mikono haitoshi. Akaamua kwenda. Jioni ya mwisho alikuja na patapata mpya za rangi ya samawati kutoka Mumias, akazivaa kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi, akitembea kama bwana harusi. Kesho yake akaondoka na viatu vya kufunga. Zile patapata alinipa mimi. Aliniambia nimtunzie, atazivaa akirudi, na ole wangu nizikanyage. Nikaziweka chini ya kitanda changu, na kila siku nilizinusa kabla ya kwenda shule.

Sijui ilipita miezi mingapi. Siku moja nilirudi shuleni nikakuta wanawake wengi wamekaa nyumbani kwa Kukhu, wengine kanga vichwani. Nilipouliza, mama alisema ni mkutano wa kanisa. Nilimwona Kukhu macho mekundu, nikaambiwa ni moshi wa kuni mbichi. Kwetu wakati huo mtoto hakuambiwa habari ya kifo. Kilifichwa kama panga, ukakitambua mwenyewe ukishakatwa. Baada ya wiki moja baba akaniambia nijiandae, shule zimefungwa, tunasafiri mpaka baharini na Kukhu. Nikauliza tunaenda kufanya nini. Kukhu ndiye aliyejibu: "Tunaenda kumchukua baba yako mdogo arudi nyumbani. Wewe anakupenda. Akisikia sauti yako atakuja."

Ni nani angekuwa na furaha kunishinda? Nilifunga patapata zake kwenye gazeti, nikazipakata kutoka Mumias mpaka Mombasa.

Mambo ambayo sikuyajua ni haya. Baba Mdogo na wenzake walikuwa wameingia kuvua samaki mahali mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko, maji yakarudi kwa nguvu yakamchukua, na hakuonekana tena. Barua ilikuwa imeandikwa na mwenzake wa kazini. Na kwetu mtu aliyekufa majini bila mwili kupatikana, humwachi hivyo. Mtu wake wa damu huenda mpaka ukingoni, akamwita kwa jina, akaokota jiwe pale, akamwambia twende. Njiani unamwachia nafasi akae. Kila mto unamwambia kwamba mnavuka, kwa kuwa maji yalimchukua na maji yanaweza kumzuia tena. Mkifika mnazika mgomba pamoja na lile jiwe, mahali ambapo angelazwa yeye. Usipofanya hivyo anabaki kuzurura ugenini. Kukhu alisema hatazika mgomba mtupu kama watu wanaopanda mboga.

Baba naye alikuwa ameokoka. Kwake hayo yalikuwa mambo ya giza. Lakini mama ni mama, na baba ndiye aliyekuwa na gari, pikapu yake ya kubebea mahindi kutoka Likuyani. Walikubaliana hivi, na nilisikia kwa masikio yangu bila kuelewa: "Mimi nitaendesha, Mama. Kuongea na hewa, hapana."

Safari ya kwenda ilikuwa tamu. Nilikaa katikati, Kukhu dirishani, baba akiimba nyimbo za kanisa. Tulipotoka Malindi tukavuka mto mkubwa mwekundu unaoitwa Sabaki, Kukhu akachungulia, akasema, "Kumbe hata huku kuna Nzoia." Maji yalikuwa na rangi ya udongo wetu kabisa, na yalipoingia baharini bahari ilikuwa nyekundu hadi mbali. Baada ya hapo lami ikapotea. Ikawa vumbi, vichaka, mbuzi, na upande wa kulia mara bahari inaonekana mara inapotea. Upepo ulikuwa na chumvi. Baba alikuwa anasimama kila baada ya muda kufuta kioo, kikawa cheupe kana kwamba kimepakwa unga.

Barua ilisema tu "huku kwenye chumvi", na chumvi ilikuwa kila mahali. Siku mbili nzima tulifuata pwani hiyo, tukasimama kila mahali palipokuwa na vilima vyeupe, baba akishuka na barua mkononi na mimi nyuma yake na patapata zangu. Watu walimsoma baba uso, wakaangalia chini, wakatuelekeza mbele. Mimi niliona ni watu wa aibu. Mama mmoja aliyekuwa anakausha nguo aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni za Baba Mdogo wangu, tumekuja kumchukua. Akanishika shavu, akaingia ndani, hakutoka tena.

Siku ya tatu asubuhi tukampata mzee mmoja Mgiriama aliyefanya kazi naye. Huyo alimshika Kukhu mikono yote miwili, akasema, "Pole, mama. Twende nikuonyeshe." Tukashuka kwa miguu kwenye tope jeusi lililonuka mayai mabovu, mikoko huku na huku, mpaka pale maji yalipokuwa yamelala kimya kabisa. Hakukuwa na nyumba wala mtu. Nilimtafuta Baba Mdogo kwa macho hadi ng'ambo.

Kukhu alifungua kitambaa cha kichwa. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake mchana. Akaingia majini mpaka kwenye magoti, akaanza kumwita kwa lugha yetu, kwa jina lake na jina la babu alilopewa. "Wesonga, ni mimi mama yako. Inuka, twende nyumbani." Akaita tena. Baba alisimama nyuma, mikono kifuani, midomo ikicheza, nadhani akiomba. Kisha Kukhu akanigeukia, akaniambia nami nimwite. Nikaita kwa nguvu zangu zote. Nikangoja nisikie mwewe amefika. Maji hayakusogea hata kidogo.

Kukhu aliendelea mpaka sauti ikakatika. Ndipo alipoinama, akapapasa chini ya maji, akatoka na jiwe, akalifunga kwenye kile kitambaa. Akanong'ona, "Ameinuka. Twende." Akaanza kupanda, akitembea kando ya njia kama mtu anayempisha mwenzake.

Mimi niligeuka nikaangalia tope. Tope halidanganyi. Kulikuwa na nyayo zetu sisi wanne, za kwenda na za kurudi. Za mtu wa tano hazikuwepo.

Kwenye gari kukazuka ugomvi. Kukhu alifungua mlango wa mbele, akaushikilia wazi kwa muda, akaufunga polepole, kisha akaenda kupanda nyuma kwenye godoro chini ya turubai. Baba akasema haiwezekani mama yake mzazi akae nyuma kama gunia huku kiti kiko tupu. Kukhu akajibu kwa ile sauti iliyokufa kwamba kiti hakiko tupu. Baba alipiga bodi ya gari kofi moja, akaingia, akawasha injini. Kabla hatujaondoka Kukhu aliniita nyuma. Alinieleza kwamba kwa kuwa baba hataki na yeye yuko mbali, kazi ya mito ni yangu. "Kila mto umwambie: Baba Mdogo, tunavuka, usibaki. Usisahau hata mmoja. Mwanangu nimemwacha mikononi mwako." Nikaitikia ndio.

Nikakaa katikati. Kushoto kwangu kile kiti. Mlango upande huo ulikuwa mbovu, ukilia kriki, kriki kila tukikanyaga shimo, na springi za kiti zikipanda na kushuka zenyewe. Harufu ya tope ilikuwa imeingia nasi. Nilizishika patapata nikaangalia mbele tu, kisha kidogokidogo nikaanza kuhesabu mambo kwa akili yangu ya miaka minane.

Kukhu amesema Baba Mdogo amekaa hapa. Lakini Baba Mdogo hajawahi kuingia mahali akanyamaza. Baba Mdogo hata akiwa mgonjwa ananisalimu. Huyu ameingia, ameketi bega kwa bega nami, ananuka matope, hana nyayo, na hajasema hata neno. Nikangoja. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Nikajisemea tukifika kwa yule mama wa nguo atanisalimu. Tukapita. Nikasema basi tukifika kwenye lami. Lami ikafika. Kimya. Nikaelewa jambo ambalo wakubwa hawakulielewa: Kukhu ameita majini, na kitu kingine kimeitikia. Tumebeba kitu cha baharini, tunakipeleka nyumbani kwetu, alikolala mama na mdogo wangu mchanga, na Baba Mdogo wa kweli tumemwacha kule kwenye chumvi.

Tulipofika Sabaki kulikuwa na lori bovu katikati ya daraja, watu wanalisukuma. Baba akasimama, akashuka kwenda kuwasaidia. Kukhu nyuma alikuwa amelala kwa uchovu. Saa yangu ilikuwa hiyo. Nilijiona mwenye kazi kubwa, mlinzi wa familia nzima. Nikanyoosha mkono, nikapitisha juu ya kile kiti nikiwa nimefumba macho, nikafungua mlango. Nikazitoa patapata kwenye gazeti. Nikainama juu ya kiti nikaziweka chini kwenye mchanga, vidole vikielekea baharini, ili kisije kikasema hakina cha kuvaa. Kisha nikaongea, kwa Kiswahili, kwa sababu niliamini kitu cha Pwani hakijui lugha yetu. "Wewe si Baba Mdogo. Shuka. Rudi kwenu."

Nikangoja kama vile Kukhu alivyongoja. Upepo ulitoka mtoni ukageuza lile gazeti. Nikaufunga mlango.

Baba alirudi mikono imejaa grisi, akaondoa gari. Nilimwona akitazama kioo cha pembeni cha kushoto, kule patapata zilikobaki, kwa muda mrefu tukiingia darajani. Hakuuliza chochote. Mimi nililala usingizi mzito wa mtu aliyefanya kazi nzuri, na kwenye mito mingine yote, Tsavo, Athi, Nyando, Yala, mpaka Nzoia yetu, baba akiimba nyimbo zake, nilichezesha midomo tu Kukhu akinichungulia.

Tulifika nyumbani jua likiwa juu. Boma lote lilikuwa limejaa watu, na tuliposimama wanawake wakapasuka kwa kilio ambacho sikuwahi kusikia, mama yangu akiwa mbele yao. Kukhu akashuka, akafungua ule mlango wa kushoto, akasema, "Ingia nyumbani, mwanangu. Umefika." Watu wakapisha njia. Wakampisha hadi kando ya kaburi la babu, na pale kulikuwa na shimo limechimbwa, refu, la mtu. Wakaulaza mgomba uliovishwa shati lake. Nililijua lile shati. Wakaweka jiwe.

Ndipo nilipojua. Hakuna aliyenieleza. Nilisimama katikati ya miguu ya watu nikalielewa jambo lote kwa mara moja: kwamba Baba Mdogo amekufa, na kwamba mtu aliyekufa hawezi kukuita Kifaranga hata kama anataka. Alikuwa yeye. Alikuwa amekaa bega kwa bega nami njia yote, na mimi nimemshusha darajani, nimemtupia patapata zake, nimemwambia arudi kwao. Nilitapika hapo hapo. Watu wakasema ni safari.

Jioni hiyo Kukhu alinivuta kando, akaniuliza, "Ulimwambia kwenye mito yote?"

"Ndio, Kukhu."

Akanibariki kwa kunishika kichwa.

Sasa, aliyeletwa nyumbani salama sharti aje kwa ndoto. Anakuja usingizini mwa mama yake, anakaa mahali alipopenda, anaondoka. Kukhu alingoja. Kila asubuhi alikuwa anauliza nyumba hadi nyumba, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza chumvi: kuna aliyemwota Wesonga? Hakuna. Mwaka ukaisha. Akaanza kusema mwanawe hajafika, yuko njiani, kuna aliyemzuia. Na nani mwingine kama si baba yangu na nyimbo zake zile kwenye usukani? Alimwambia mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyemwimbia mdogo wako akaogopa kukaa." Kuanzia siku hiyo hakula chakula cha nyumba yetu. Mama alipeleka obusuma, ugali wetu, sahani ikarudi ilivyokwenda. Baba hakujitetea. Alikuwa anapita mbele ya mlango wa mama yake kila asubuhi, anasalimu, hajibiwi, anaenda zake. Alifanya hivyo miaka mingi, na mimi nikamwangalia. Nilimaliza shule nikimwangalia. Aibu yangu kubwa ni hiyo, kuliko hata daraja.

Nilisema Kukhu alipokuwa amelala kitanda cha mwisho. Nilikuwa mtu mzima, nina ujauzito wa kwanza. Nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikamwambia yote: nyayo kwenye tope, mlango, patapata, maneno niliyosema. Nikasema nilimfukuza kwa sababu hakunisalimu, na yeye alikuwa ananisalimu kila siku. Nilitarajia laana. Aligeuza uso wake kwangu.

"Na wewe ulimsalimu?"

Njia ile yote, mimi mtoto niliyefundishwa kwamba mdogo ndiye anayeanza kumsalimu mkubwa, sikuwa nimemwambia Baba Mdogo hata mulembe, salamu yetu ya kila siku.

"Basi alikuwa anakungoja," Kukhu akasema. Akanituma nimwite baba. Akamwomba chai kutoka nyumbani kwake. Baba aliileta mwenyewe, ikimwagikia mkono, na akamnywesha kwa kijiko. Hawakuzungumza habari nyingine. Tulimzika wiki iliyofuata, karibu na ule mgomba.

Hata baada ya hapo nilichelewa. Mtu huogopa. Nilifika Mombasa kwa kazi mara kadhaa nikageukia pale pale. Mwaka huu baba naye alipotutoka ndipo nilipoona hakuna mwingine aliyebaki. Nikaenda Mumias, nikaingia duka la viatu, ndani kabisa, nikiwa nimeziba pua kwa leso kama mwendawazimu, nikanunua patapata za samawati, namba ya mtu mzima. Nikaendesha peke yangu siku mbili.

Pale Sabaki maji ni mekundu vilevile. Niliegesha upande ule wa kaskazini, nikashuka, nikasimama kwenye mchanga. Magari yalipita. Mwenye mbuzi mmoja alisimama kunitazama, nikamwacha atazame. Nikasema kwa lugha yetu, kwa sauti, maneno ambayo yalikuwa yakinikaa kooni tangu utoto: "Mulembe, Baba Mdogo. Ni mimi Kifaranga. Nisamehe. Nimekuja kukuchukua."

Hakuna aliyejibu, na sikungoja kujibiwa. Nikafungua mlango wa kushoto. Nikaweka patapata chini mbele ya kiti, vidole vikielekea ndani ya gari. Nikasimama pale nimeushikilia mlango, muda ule tu ambao mtu anahitaji kuvaa viatu na kukaa vizuri. Halafu nikaufunga polepole, nikazunguka, nikaingia kwenye usukani, nikamwambia tunavuka.